Mikono Mgongoni

Mwisho wa korido ndefu ya hospitali, ukishapita stoo ya mashuka, kulikuwa na nyumba. Si chumba, nyumba. Ilikuwa na mlango wake wa mbao wenye kengele na komeo, na kipande cha zulia cha kufutia miguu. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko la umeme, sinki, kabati la vyombo, meza na viti. Dirisha lake lilifunguka vizuri kabisa, likatazamana na ukuta. Zamani mtu mmoja, hakuna aliyekumbuka nani, alichora anga kwenye ukuta ule, buluu yenye mawingu mepesi, na kadiri rangi ilivyofifia ndivyo ilivyozidi kufanana na anga lenyewe. Kwa hiyo nje kuwe na jua, mvua au vumbi, ndani ya nyumba ile ilikuwa asubuhi, siku zote asubuhi, na kila aliyeingia alishusha sauti bila kuambiwa.

Watu waliopooza mkono, waliokatwa mguu, waliogongwa kichwa wakasahau namna ya kuvaa shati, walipelekwa mle kujifunza upya kuishi kabla ya kurudi makwao. Walipika, wakaunguza, wakapika tena. Walifunga mlango na kuufungua. Wafanyakazi waliiita Nyumba Ndogo, jina ambalo liliwahi kuleta balaa. Mume wa mama mmoja wa idara ile alipiga simu kumtafuta mkewe, mlinzi akamjibu kwa moyo mweupe kwamba mama yuko nyumba ndogo tangu asubuhi. Siku hiyo kulikuwa na kazi ya kupatanisha watu.

Kijana aliyeitwa Radi alifanya kazi hapo. Radi halikuwa jina lake, lakini hata shangazi yake alishaanza kulitumia. Alikuwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, na ole wako umwulize kazi hiyo ni nini huku ukiwa na haraka.

"Kumbe wewe ndiye unayekanda wagonjwa," jirani alimwambia mara moja.

"Sikandi mtu. Unga ndio unaokandwa. Mimi namrudishia mtu siku yake: avae, ale, apike, afunge mlango wake mwenyewe. Daktari anamzuia asife. Halafu nani anamfundisha kuishi?"

"Haya, baba, nimeuliza tu."

Alikuwa na kiburi cha kazi yake, kiburi safi, kama mtu anavyojivunia shati jeupe. Chama cha wataalamu wenzake kilipomchagua kuwa katibu, alitengeneza kibao kidogo cha mbao, akakipigilia juu ya meza yake katika ofisi nyembamba iliyopakana na Nyumba Ndogo: KATIBU. Alikifuta vumbi kila asubuhi kwa kiwiko, akijifanya anapita tu.

Kazi yao ilikuwa na sheria moja ngumu kuliko zote. Mgonjwa anapohangaika na kifungo, husogei. Unasimama mahali anapokuona, unaweka mikono mgongoni, unangoja. Ukimfunga kifungo, umemaliza haraka na yeye hajaanza. Wageni wa kazi walishindwa kabisa, mikono yao ikiwakimbia kama watoto sokoni, na hao waliambiwa waikalie. Radi alikuwa hodari wa kungoja. Angeweza kusimama kama nguzo huku mzee akitafuta tundu la kifungo kwa dakika zisizo na mwisho, na uso wake usiseme kitu.

Lakini hiyo ilikuwa kazini. Nyumbani alikuwa na shangazi.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba yake, ndiye aliyemlea. Alikuwa na nyumba yake ng'ambo ya pili ya mji, yenye mlango wa kijani, na aliishi humo peke yake kwa amri na raha mpaka kiharusi kilipompitia. Kilimwachia mdomo wote na nusu ya mwili. Mkono wa kulia ulilala. Radi alimchukua akae kwake, akamtandikia sebuleni, na hapo mtaalamu akasahau utaalamu wake wote. Alimlisha. Alimvalisha. Alimshikia kikombe.

"Nipe hicho kijiko," Shangazi alisema.

"Chakula kitapoa, Shangazi."

"Kipoe. Mimi nilikulisha wewe mpaka ulipoota meno, kisha nikaacha. Wewe unangoja niote nini?"

"Kula kwanza, tutaongea."

"Nitaongeaje na kijiko mdomoni!"

Alitaka kurudi kwake. Hilo tu, hakuwa na ombi jingine duniani. Lakini idara ilikuwa na utaratibu: mtu aliyepooza haruhusiwi kuishi peke yake mpaka kwanza akae siku mbili ndani ya Nyumba Ndogo, afunge mlango, apike, alale, aamke, na wataalamu waridhike. Zamu yake ilikuwa inakaribia. Alikuwa ameshachagua shuka atakalokwenda nalo.

Ndipo daktari mkuu wa hospitali akatangaza kwamba Nyumba Ndogo itaondolewa meza na jiko, iwe wodi ya akiba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wagonjwa waliolala koridoni, na kila alipopita aliona nyumba nzima, yenye kitanda kilichotandikwa vizuri, haina mtu. Bodi ya hospitali ingekuja Alhamisi alasiri kutazama na kuamua. Chama cha wataalamu kiliruhusiwa kusema neno.

Neno! Radi alianza kuliandika kichwani siku hiyohiyo. Lilikuwa linapanda na kushuka, lina vina mahali pasipotarajiwa, lina mahali pa kunyamaza na mahali pa kupiga meza. Alilisema akioga. Alilisema akivuka barabara, dereva mmoja akamtukana na yeye akamjibu kwa aya ya pili.

Jumamosi chama kilikutana. Hakikuwa na ofisi yake, kiliazima darasa la shule ya watoto wadogo, na wataalamu wazima walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia videvu, chini ya picha za samaki na jua lenye macho. Jua la kweli liliingia kwa upande, na vumbi la chaki lilielea ndani yake polepole mno, hata mtu angeweza kudhani mkutano mzima uko chini ya maji.

Mwenyekiti alikuwa mama mnene mtaratibu, yuleyule ambaye mumewe aliwahi kuambiwa yuko nyumba ndogo. Alimenya chungwa mkutanoni kwa ganda moja refu lisilokatika, na ukimtazama ungesema amelala macho wazi. Alikiongoza chama kwa desturi moja tu, aliyoitoa kazini. Unapomvalisha mtu aliyepooza, mkono mgonjwa unaingia kwenye nguo kwanza, ule mzima unafuata. Ukianza na mzima, umekwama. Basi mkutanoni kwake, asiyezoea kusema alisema kwanza, na wenye midomo walingoja. Radi alikuwa wa mwisho siku zote. Zamu yake ilipofika maneno yalikuwa yameshaiva mdomoni mpaka yanaungua.

Wa kwanza alikuwa binti aliyeitwa Mnong'ono. Alitoka zahanati ya pembeni, alikuwa na sauti ambayo hata redio iliyozimwa ingeishinda. Wote waliinama mbele, viti vidogo vikalia.

"Mimi naona tusiseme kitu," alisema.

"Nani hasikii?" Mwenyekiti aliuliza. "Rudia, mwanangu."

"Tusiseme kitu. Tuwaalike chai. Mgonjwa awe mle ndani, awe mwenye nyumba. Wao wawe wageni. Wapige kengele."

Chungwa lilisimama. Vumbi la chaki halikusimama.

"Mgonjwa gani?" mtu aliuliza.

Mnong'ono alitazama viatu vyake. "Shangazi yake Katibu. Ndiye zamu yake iko karibu."

Radi hakungoja zamu. Alisimama, na kiti cha mtoto kikasimama naye, kimemng'ang'ania nyuma. "Shangazi yangu si sarakasi! Watu wanataka kubomoa, sisi tunachemsha maji? Anaweza kumwaga, anaweza kuanguka, mbele ya bodi nzima! Nimeandaa hotuba. Mtu akiisikia halafu abaki na roho ya kubomoa, huyo hana roho."

"Toa kiti kwanza," Mwenyekiti alisema.

Alikitoa. Walicheka, lakini kwa wema.

"Umemwuliza?" Mwenyekiti aliendelea.

"Nani?"

"Shangazi."

Kura ilipopigwa, mkono wa Radi ulibaki peke yake upande wa kukataa, mrefu na mkaidi kama nguzo ya bendera isiyo na bendera.

"Basi ni chai," Mwenyekiti alisema. "Katibu utasimamia."

"Mimi niliyepinga?"

"Tulikuchagua uwe katibu wa chama. Hatukukuchagua uwe katibu wa mawazo yako." Akamgawia kipande cha chungwa. "Kula. Umekunja uso."

Alikula. Lilikuwa tamu, na hilo lilimuudhi zaidi.

Alimwambia Shangazi siku ya pili yake, akitumaini atakataa. Shangazi alitazama pazia.

"Hao wa bodi ni watu wakubwa?"

"Wakubwa."

"Wana magari?"

"Wana magari."

"Basi nitavaa gauni la zambarau. Na wewe usije ukanishika-shika mbele za watu, wakadhani nimetoka kununuliwa dukani."

Siku zile za kungoja zilipita kama mtu anayetembea na usingizi. Alasiri moja, joto likiwa zito, Radi alijinyoosha kwenye kochi akasinzia. Aliota korido ya hospitali imejaa maji, maji safi, hayana sauti. Vitanda vilielea juu yake na wagonjwa wamekaa, wanasukana nywele. Nyumba Ndogo ilikuwa imeng'oka mahali pake, inakwenda zake taratibu kuelekea mlango mkubwa, dirisha wazi, na ndani Shangazi amesimama anakoroga chai. Radi aliogelea kuifuata. Alipiga kelele: Shangazi, nakuja, nakusaidia! Lakini kila alipopiga mkono majini, wimbi lake mwenyewe liliisukuma nyumba mbele zaidi. Alipoacha kuogelea, ikasimama. Alipoanza tena, ikaenda. Anga la buluu lililochorwa ukutani lilifunguka na kumeza paa.

Alifumbua macho. Shangazi alikuwa amesimama upande wa pili wa sebule, amempa mgongo, gauni la zambarau mkononi. Alikuwa hajui kwamba anatazamwa. Alilitandaza kitandani, akaupapasa mkono wake wa kulia kama mtu anayeamsha mtoto asiogope, akaushika kwa kushoto, akauingiza kwenye mkono wa gauni. Kwanza ule. Nguo ilikwama kwenye kiwiko. Aliivuta, ikakataa. Alinong'ona kitu, tusi labda. Akaanza upya.

Kila mfupa wa Radi ulitaka kunyanyuka. Aliisukuma mikono yake chini ya mto wa kochi, akailalia. Akafumba macho nusu, akapumua kama aliyelala. Kupitia kope zake alimwona Shangazi akizama ndani ya zambarau, akapotea humo, kichwa kisionekane, kitambaa kikizunguka-zunguka kama mtu anayetafuta mlango gizani. Kisha kichwa kikachomoza, nywele zimesimama, uso unang'aa jasho na ushindi. Hakuwa na wa kumshangilia. Alijitazama kiooni.

"Haya," alijiambia. "Karibuni."

Radi hakumwambia kwamba alimwona. Lakini jioni ile aliweka kijiko upande wake wa mezani, akakaa upande wa pili, akaanza kula cha kwake. Shangazi alikitazama kijiko, akamtazama yeye.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Mh," alisema Shangazi, na akakichukua kabla mtoto hajabadili mawazo.

Alhamisi ilikuja. Wa bodi walikuwa watatu: Mhandisi mmoja mstaafu, mrefu, aliyekuwa mkubwa wao, mama mmoja mwenye miwani, na bwana mmoja aliyezungumza na simu yake kuliko na watu. Daktari mkuu aliwaongoza kwenye korido, wakipita kando ya vitanda vya wagonjwa, na alihakikisha wanaviona. Mwisho wa korido walisimama Mwenyekiti, Mnong'ono na Radi. Mlango wa Nyumba Ndogo ulikuwa umefungwa.

"Funguo ziko wapi?" Daktari mkuu aliuliza.

"Mwenye nyumba yumo ndani," Radi alisema. "Pigeni kengele."

Walitazamana. Mhandisi alipiga. Ndani kulisikika mwendo, mguu mmoja unapiga na mmoja unaburuta, polepole, unakaribia. Halafu komeo. Lilitikisika. Likanyamaza. Likatikisika. Daktari mkuu aliitazama saa yake, akanyoosha mkono kwenye kitasa.

"Tungoje, daktari," Radi alisema kwa upole uliomshangaza mwenyewe. "Anakuja."

Bwana wa simu alimaliza mazungumzo mazima, akaanza mengine. Kisha komeo likaachia, mlango ukafunguka, na Shangazi akasimama hapo ndani ya zambarau, na nyuma yake ile asubuhi isiyoisha.

"Karibuni wanangu. Jifuteni miguu."

Walijifuta. Hata Daktari mkuu alijifuta, ndani ya hospitali yake mwenyewe. Waliketi mezani. Wataalamu watatu walisimama ukutani. Nuru ya ukuta uliochorwa iliingia dirishani ikawalainisha wote, na kwa muda hakuna aliyekumbuka kilichomleta. Birika lilikuwa kwenye kiunzi chake kidogo cha mbao kilichotengenezwa na idara, ukilisukuma linainama lenyewe bila kunyanyuliwa. Chini ya vikombe kulikuwa na kipande cha mpira visiteleze. Shangazi alimimina cha kwanza kwa mkono wa kushoto. Mvuke ulipanda, ukajikunja, ukakawia hewani. Akamimina cha pili. Cha tatu alikisogeza karibu na Daktari mkuu, nje ya mpira, kwa sababu alitaka kumheshimu.

Kikombe kiliteleza. Chai ikaruka, ikatambaa mezani kama kitu chenye nia yake, ikamwagikia koti jeupe la Daktari mkuu na mapaja yake. Kikombe kikaanguka sakafuni, kikazunguka, kikazunguka, kikalala.

Na wale watatu wa ukutani, kwa pamoja, bila kutazamana, wakaweka mikono mgongoni.

Popote pengine duniani watu wangekimbilia kitambaa. Wao walisimama kama wanajeshi kwenye gwaride, nyuso tulivu, wakimtazama mama mgonjwa na chai inayodondoka. Daktari mkuu aliruka wima.

"Mnatazama tu? Mama wa watu anahangaika, ninyi mmefunga mikono? Hii ndiyo tiba yenu? Adabu mmeiacha wapi?"

Mama wa miwani aliguna. Bwana wa simu aliiweka sikioni bila mtu upande wa pili. Radi aliihisi hotuba ikipanda. Yote, toka mwanzo hadi mwisho, vina na vituo, ilikuja kooni kama mto uliovunja ukingo. Wakati wenyewe ulikuwa huu! Alivuta pumzi. Akamwona Shangazi, kitambaa kiko mbali kwenye sinki, mguu wake ukijipima. Ndani ya kifua chake aliona nyumba ikielea, na wimbi la mkono wake mwenyewe likiisukuma. Aliishika mikono yake mgongoni, mmoja ukiufinya mwingine. Akaishusha pumzi bila neno.

"Daktari," Shangazi alisema, "kaa chini."

"Mama, wewe usijisumbue, watu wapo..."

"Kaa. Ndani ya nyumba yangu mgeni hashiki kitambaa. Na hawa watoto wamefundishwa, usiwatukane. Umeungua?"

"Sijaungua."

"Basi unapiga kelele za nini?"

Alikaa. Shangazi alikwenda kwenye sinki. Ilikuwa safari. Hakuna aliyesogea, na ule ukimya ulioanza kwa aibu ukageuka kitu kingine, kama pale watu wanapomtazama mtoto akivuka chumba kwa mara ya kwanza. Alirudi na kitambaa. Alifuta meza kwa kushoto. Chai ilimkimbia, akaifuata. Akainama, mkono mmoja ukishika ukingo wa meza, akaokota kikombe. Kilikuwa hakijavunjika. Akakiweka juu ya mpira. Kisha akaunyanyua mkono wa kulia, ule uliolala, kwa kushoto, akauweka ubavuni mwa kikombe kama mtu anayeweka jiwe kuzuia karatasi isipeperuke. Vidole vilikaa hivyo, vimelegea. Halafu, polepole, kama vinakumbuka wimbo, vikajikunja. Si sana. Vya kutosha kuzuia kikombe.

Akasukuma birika. Chai ikaingia ndani, yote.

Radi hakuona vizuri baada ya hapo, macho yalikuwa na maji.

Mhandisi alionja. "Mama, umesahau sukari."

"Sijasahau. Umri huo unataka sukari ya nini?"

Mama wa miwani alicheka mpaka akaivua. Mhandisi alikunywa chote. Akageuka akawatazama wale wa ukutani, na kwa kuwa Radi ndiye aliyesimama kifua mbele, akamwuliza yeye: "Wewe ndiye kiongozi? Nieleze. Nyumba hii ina kazi gani ambayo wodi haiwezi?"

Mlango ulifunguka mbele ya hotuba yake, wazi kabisa, na zulia limetandikwa. Radi aliupita bila kuingia.

"Mwenzangu atajibu," alisema, akamtazama Mnong'ono. "Yeye huanza."

Mnong'ono aliwaka uso. Alisema. Ili wamsikie waliinama mbele wote watatu, na bwana wa simu akaizima. Aliwaambia kwamba mtu anayetoka wodini bila kupita hapa hurudi wodini, kwa kuungua, kwa kuanguka bafuni, kwa kukata tamaa. Na kitanda kile ambacho huwa hakina mtu ni cha watu ambao wako makwao, wanapika. Hakusema zaidi. Hakukuwa na kina hata kimoja.

"Vizuri," Daktari mkuu alisema, akijikung'uta koti. Hasira ilikuwa imemtoka, uchovu umebaki. "Sikatai. Nimeona kwa macho yangu. Lakini wale wa koridoni mmewapita wenyewe. Niwaweke wapi? Mifukoni?"

Hapo palikuwa pagumu, na kila mtu alijua. Radi alitazama ukuta. Nyuma ya ukuta ule ilikuwa ofisi yao, nyembamba lakini ndefu, meza zao, makabati yao, kibao chake. Alimtazama Mwenyekiti. Yule mama, aliyesemekana hulala macho wazi, alikuwa ameshaelewa, akashusha kichwa kidogo. Alimtazama Mnong'ono, naye akashusha.

"Chukueni ofisi yetu," Radi alisema. "Vitanda vitaingia kwa kupangwa kwenye mstari. Sisi tutaandika hapa mezani, na mwenye nyumba akija, tutatoka."

Mhandisi alisimama, akagonga ukuta kwa kidole kama anayebisha hodi, akausikiliza. "Vitaingia," alisema.

Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yote ya Radi. Wengine hupata hotuba ndefu.

Barua ya bodi ilipokuja ilisema hivyohivyo. Radi alibandua kibao chake mwenyewe. Alitafuta mahali pa kukipigilia, akakosa, kikaishia jikoni Nyumba Ndogo, na mgonjwa mmoja wa mkono mmoja aliomba apigilie misumari miwili katikati yake ili ashikie nyanya akikata. Kwenye mkutano uliofuata Mwenyekiti alisema anachoka, mtu mwingine aanze kushika uenyekiti kwa zamu, na akaanza na Mnong'ono. Radi alikaa kwenye kiti chake cha mtoto, akangoja zamu yake ya mwisho. Ilipofika alisema hana la kuongeza, na watu wakamgusa paji la uso wakidhani ana homa.

Shangazi alikaa siku zake mbili. Aliunguza mara moja, akapika tena. Akarudi kwake.

Jumapili moja alasiri Radi alikwenda kumwona. Mtaa ulikuwa umelala, nguo zilizoanikwa hazitikisiki, na mlango wa kijani ulikuwa kijani kuliko alivyoukumbuka. Alipiga hodi.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani? Kila mtu ni mimi."

"Katibu."

"Katibu wa nini, hapa hakuna mkutano. Ngoja nakuja."

Alisikia mwendo, mguu mmoja unapiga, mmoja unaburuta. Ulikawia, kama unatoka nchi ya mbali. Ukafika. Komeo likatikisika, likanyamaza. Likatikisika tena. Mlangoni palikuwa na ufa mdogo, kidole kingeweza kupita, na kwa kidole hicho angeweza kulisukuma komeo.

Jirani alichungulia dirishani. "Wewe kijana, si umsaidie bibi wa watu?"

Radi alimtabasamia, mikono mgongoni.